Mafuta ya Kukamulia Ndani ya Stata

Nilipofungua stata, ile mota ndogo ya kuwashia pikipiki ya baba yangu, ndani nilikuta mafuta ya kukamulia ng'ombe. Si grisi, si oili. Yale mafuta ya kopo ya kupaka chuchu za ng'ombe kabla ya kukamua, ambayo kila nyumba ya Subukia inayo kwenye rafu ya jikoni. Yalikuwa yamekaa humo miaka mingi, yakayeyuka, yakachanganyika na vumbi jeusi la kaboni mpaka yakawa uji. Niliyagusa kwa kidole nikanusa, nikajua mara moja, maana nimekulia ndani ya harufu hiyo. Nikaketi kwenye stuli yangu nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu anayeshona viatu akauliza kuna nini.

Mimi ni fundi wa kusuka mota hapa Nakuru. Mota ya mashine ya kusagia posho ikiungua, ya pampu ya maji ikiungua, ya kukatia ng'ombe nyasi ikiungua, wanaleta kwangu. Natoa waya ulioungua huku nikihesabu mizunguko yake, nazungusha waya mpya wa shaba idadi ileile, napaka vanishi, nakausha, nafunga. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Bado kuna wateja wanaofika wakiniuliza fundi yuko wapi, na mimi nimesimama mbele yao na spana mkononi. Siwasaidii. Nawaacha wazunguke na macho mpaka waone aibu wenyewe. Sina subira na watu, nisidanganye. Mota ndizo zinazonivumilia.

Baba alikuwa mtu wa kupandisha ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kuzunguka bonde zima la Subukia na mtungi wa mbegu za fahali umefungwa nyuma ya pikipiki, akimtafuta ng'ombe aliyeingia joto. Watu walimwita Daktari. Hakuwa daktari, na hakuwahi kumkosoa mtu yeyote juu ya hilo. Siku hizo hakukuwa na simu mfukoni. Mwenye ng'ombe alisikiza pikipiki ikishuka kilima upande wa Bahati, naye akakimbia kumfunga mnyama wake kando ya barabara. Mama yangu naye alikuwa akiisikia kutoka mbali jioni, anaweka sufuria ya chai motoni, na baba akizima injini uani chai inatokota. Sisi watoto tulijua hali yake kwa jinsi alivyoizima. Akiizima ghafla, tulikaa mbali.

Pikipiki yenyewe ilitoka Japani enzi hizo, tangi jekundu ambalo jua limelifanya rangi ya matofali. Ilikuwa na teke la kuwashia upande wa kulia kama pikipiki zote, lakini pia ilikuwa na kitufe kidogo kwenye mkono wa kulia, cha kuwashia kwa stima ya betri. Kwa bonde letu hilo lilikuwa jambo kubwa. Wazee walikuwa wakija kuangalia Daktari akibonyeza na kidole gumba tu, na injini inaamka. Kisha nikiwa darasa la sita stata ikaungua, moshi ukatoka, na baba hakujali. Mguu wake ulikuwa mzima. Alipiga teke siku hiyo na siku zote zilizofuata, hata baada ya kustaafu, kila Jumamosi, ili tu aisikie ikinguruma dakika kumi chini ya banda la ng'ombe.

Mwaka jana sukari ilimla mguu wa kulia. Ilianza na kidonda kwenye kidole, akakificha ndani ya soksi kwa sababu ni mkaidi, na tulipokiona kilikuwa kimeshaoza. Walimkata chini ya goti. Alirudi nyumbani na magongo mawili na hasira ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka. Vidole vya mikono navyo vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Alikuwa anaweza kushika kikombe cha moto bila kujua kinamuunguza.

Miezi minane ilipita na pikipiki imekaa kimya chini ya gunia. Siku moja nimeenda kumwona, mama yangu akiwa nje na ng'ombe, baba akaniita. Yeye aliniita Mama siku zote, kwa kuwa mimi ndiye msichana wa kwanza na nilipewa jina la mama yake, na kwetu mtoto wa hivyo ni mama kweli, hata akikosea anakaripiwa kwa adabu.

"Mama," akaniambia, "ile stata ya kubonyeza, inaweza kutengenezeka?"

Nikamuuliza anataka kwenda wapi na mguu mmoja.

"Siendi popote. Nataka niiwashe mwenyewe, basi. Miezi minane nafanyiwa kila kitu. Naogeshwa, navalishwa soksi moja, nakatiwa nyama. Nataka kitu kimoja nikiguse kiitike."

Hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje nikijidai naangalia pikipiki. Nililala chini kwenye majani makavu, nikafungua zile bolti mbili ambazo zilikuwa zimeshikana na kutu, nikatoa stata yenyewe, kitu cha ukubwa wa kopo la maziwa ya watoto. Nikaifunga kwenye lesso ya mama, nikarudi nayo Nakuru.

Siku nilipokuta yale mafuta nilimpigia simu papo hapo.

"Baba, nani aliweka mafuta ya kukamulia ndani ya stata?"

Nikamsikia akianza kucheka, kicheko cha chini ambacho sikuwa nimekisikia tangu hospitali.

"Kopo liliandikwa kwamba yanalainisha," akasema. "Stata ilikuwa inapiga kelele. Nikasema, basi yailainishe."

"Yaliiua. Yaliyeyuka yakaingia kwenye kaboni. Miaka yote hii ulikuwa unaipiga teke kwa sababu uliipaka mafuta ya ng'ombe."

"Aki sikujua."

"Mtu asiyejua kazi awaachie wenye kazi, Baba."

Nilisema hivyo nikicheka, na yeye akacheka zaidi, akamwita mama yangu amhadithie. Nilimsikia kwenye simu akisema, "Fundi ameniumbua." Alilirudia neno hilo kwa kila mgeni wiki nzima. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kosa lake mwenyewe lilimfurahisha, alilitembeza kama habari njema. Mimi sikurithi hilo.

Kazi ilinichukua wiki tatu kwa kuwa sikutaka kuiharakisha. Koili zilikuwa zimeungua, kitambaa chake kimekuwa jivu. Nilizivua moja moja, nikahesabu, nikaandika kwa chaki ukutani. Waya wa stata si kama waya wa pampu, huu ni shaba nene na mkaidi, inabidi uukunje kwa mkono ukiwa umeshikilia pumzi. Nilizifunga upya kwa utepe wa pamba, nikazichovya vanishi, nikazikausha ndani ya tangi lenye taa inayowaka, siku mbili. Nikachonga kaboni mpya, vile vipande vinavyopitisha stima. Nikayasafisha yale mafuta kutoka kila tundu kwa mswaki wa meno na petroli. Wateja walisubiri. Mmoja mwenye kisima kule Subukia aliniuliza kama pampu yake imekuwa maiti, nikamwambia aende akachote na ndoo kwanza.

Siku ya kuijaribu niliibana kwenye vaisi, nikachukua betri ya gari, nikagusisha nyaya. Iliruka. Ilivuma kwa nguvu mpaka meza ikatetemeka, na cheche ndogo safi za samawati zilionekana kwenye kaboni. Nikampigia baba simu, nikaiweka karibu asikie.

"Hiyo ndiyo sauti," akasema. "Hiyo yenyewe."

Sikuangalia inazunguka upande gani.

Nitaeleza, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Mota ninazozisuka karibu zote ni za mashine za posho. Zina nyaya tatu. Ukiifunga kinuni ukaona inazunguka kinyume, unabadilisha nyaya mbili pale nje, dakika moja, na inageuka. Kwa hiyo sisi hatuangalii upande. Ikilia vizuri mezani, imepona. Nimewaambia wateja maneno hayo miaka ishirini na sita: ikienda kinyume, badilisha nyaya mbili. Stata haiko hivyo. Ukibadilisha nyaya za betri inazidi kwenda upande uleule. Upande wake unaamuliwa ndani, ncha gani ya koili umeiunga wapi, na mimi nilikuwa nimeziunga kinyume. Na pikipiki ile ina kifaa kinachoshika upande mmoja tu, kama pedeli ya baiskeli. Ukikanyaga nyuma inazunguka bure.

Nilifika nyumbani Jumamosi mchana. Nikafunga stata mahali pake, nikaweka betri mpya, nikasafisha kabureta, nikatia petroli. Kisha nikaipiga teke. Nilijifunza kuipiga nikiwa na miaka kumi na nne, na mguu haujasahau. Mara ya tatu ikashika. Mama yangu alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikaizima. Mkono wangu ulikuwa unaniwasha kubonyeza kile kitufe, lakini baba alikuwa ametuma neno kutoka ndani kabla hata sijamaliza kufunga bolti: "Hiyo ya kidole mniachie. Wa kwanza niwe mimi."

Fundi yeyote anajaribu kazi kabla ya mwenyewe kuipokea. Mimi sikujaribu. Nilisema moyoni, nimeisikia ikilia mezani, inatosha.

Jumapili baba aliamka mapema akaomba koti lake la kaki la kazini. Lilikuwa limemzidi ukubwa. Baada ya kanisa majirani watatu walikuja kwa chai, wazee wa rika lake, na mmoja wao alipenda kusema kwamba hana ng'ombe hata mmoja ambaye babu yake hakutoka kwenye mtungi wa Daktari. Tulimnyanyua baba, mimi upande huu na mama yangu upande ule, tukamkalisha kwenye pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi yake. Alishika mikono ya pikipiki. Mgongo wake ukanyooka. Nilikuwa sijamwona akiwa mrefu tangu mguu ukatwe.

Akafungua ufunguo. Akaweka kidole gumba kwenye kitufe, akakiangalia ili ahakikishe kiko pale, akabonyeza.

Stata ikalia. Ilivuma vizuri kama ilivyovuma mezani. Injini ikakaa kimya kabisa, hata haikutikisika. Akaachilia. Akabonyeza tena, stata ikavuma, injini ikanyamaza. Mara ya tatu. Mara ya nne. Alikuwa akikodolea kidole chake macho.

Wazee hawakumwangalia yeye. Waliniangalia mimi. Yule wa ng'ombe akasema, bila ubaya wowote, "Labda fundi amesahau kitu."

Damu ilinipanda. Nilimwona kila mteja aliyewahi kuniuliza fundi yuko wapi.

"Si stata," nikasema. "Stata ni nzima, mnaisikia. Baba, unaachilia mapema. Kidole chako hakina nguvu. Shikilia kabisa."

Swichi ni swichi. Ikishika imeshika, haina habari na nguvu. Kama mota inalia, basi kidole kimeshamaliza kazi yake. Hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua, na mimi nililijua hata maneno yakiwa bado mdomoni. Sikujua kosa liko wapi, lakini nilijua ni langu.

Baba akakigeuza kidole chake, akakitazama huku na huku. "Ni kweli," akasema. "Hivi vidole siku hizi sivisikii." Akajaribu tena, akashikilia mpaka betri ikaanza kuchoka. Nikamwambia niipige teke basi, angalau isikike. Akakataa kwa kichwa. Akaomba ashushwe.

Tulikunywa chai. Wazee walizungumza juu ya mvua. Baba aliweka mkono wake wa kulia chini ya meza na hakuutoa mpaka wageni walipoondoka. Nilidhani nitamwambia watu wakiondoka. Walipoondoka alikuwa amelala, au amefumba macho. Nikarudi Nakuru.

Kesho yake, Jumatatu, mteja kutoka Olenguruone alikuja kuchukua mota ya mashine yake ya posho. Mtu mwangalifu sana, alinikera. "Na ikizunguka vibaya, mathe?" akaniuliza. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Ikienda kinyume, badilisha nyaya mbili," na papo hapo nikasimama. Alilazimika kuniita mara mbili. Nilikuwa naona zile koili mkononi mwangu, ile ncha ya kushoto, mahali nilipoiunga. Niliona vilevile yale mafuta ya kukamulia. Baba alichukua kitu cha kazi yake akakiingiza ndani ya stata, na mimi nikachukua desturi ya kazi yangu nikaiingiza humohumo. Na mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia mtu asiyejua kazi awaachie wenye kazi.

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Kufungua, kubadilisha ncha mbili, kuchomea risasi, kufunga.

Ningempigia simu siku ileile. Sikumpigia. Nilijiambia ni jambo la kusema ana kwa ana, nikiwa na spana mkononi, nimwonyeshe, tucheke. Ukweli ni kwamba nilitaka kwanza iwake, halafu ndio nikiri, ili kukiri kuwe kudogo. Nilimpigia Jumanne. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Mama yangu akampa simu.

"Baba, Jumapili nakuja niiangalie tena."

"Sawa, Mama," akasema. "Na mimi nitakuwa tayari."

Sikuuliza tayari kwa nini. Nilidhani anamaanisha chai. Kulikuwa na mteja mlangoni, nikakata simu.

Ijumaa saa tatu asubuhi mama yangu alipiga akasema, "Njoo nyumbani," na sauti yake ikanitosha. Baba alikuwa amekunywa chai yake, akasema amechoka kidogo, akajinyoosha kitandani, na alipokwenda kumwamsha hakuamka. Moyo tu. Tulimzika Alhamisi iliyofuata, upande wa juu wa shamba, karibu na ile mistari ya kahawa aliyokuwa akiisahau kila mwaka. Watu walijaa. Mzee baada ya mzee alisimama akasimulia habari za pikipiki, jinsi walivyoisikia ikishuka kilima. Mimi nilipoitwa kusema neno kama kifungua mimba nilisema baba alikuwa mtu wa watu, nikaketi. Nilijichukia vibaya sana.

Baada ya matanga kuisha nilibaki. Jumamosi mchana nilikwenda bandani, nikaondoa gunia. Mtu alikuwa ameliweka vizuri, limekunjwa pembe. Nikatafuta kitu cha kukalia, nikachukua stuli fupi ya kukamulia, nikaitoa stata, nikaifungua hapohapo kwenye majani. Ncha mbili. Nilikuwa nimebeba chuma cha kuchomea, nikakipasha kwenye jiko la makaa. Nusu saa, kama nilivyojua.

Mama yangu alikuja na kikombe cha chai akakaa kwenye gogo, lesso yake nyeusi begani. Alinitazama nikifunga bolti.

"Angefurahi kukuona hapo," akasema. "Hata yeye wiki ile yote alikuwa hapa."

Nikamuuliza hapa wapi.

"Hapa kwa ng'ombe. Tangu ile Jumatatu. Aliniambia nimwachie kukamua asubuhi. Nikamwambia, mzee, utaanguka na hayo magongo. Akasema hapana, Mama amesema kidole changu hakina nguvu, na hakuna kitu kinatia kidole nguvu kama kukamua. Aliketi kwenye hiyo stuli, gongo moja chini ya kwapa, akakamua mpaka tone la mwisho. Mara ya kwanza ilimchukua saa nzima na ng'ombe akampiga na mkia. Siku ya Alhamisi aliniita nije nione ndoo. Akasema, Jumapili akija hiki kidole kitakuwa tayari." Akavuta lesso yake begani. "Hata Ijumaa alikamua. Ndiyo akaingia kunywa chai."

Spana ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini. Nilitaka aendelee kusema na nilitaka anyamaze.

Bolti zilikuwa zimekaza. Nyaya zilikuwa mahali pake. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Nikafungua ufunguo, nikaweka kidole gumba changu kwenye kitufe, nikagusa. Niligusa tu. Injini ikashika papo hapo, sauti ileile, ikajaa banda lote, na ng'ombe akainua kichwa.

Mama yangu hakuwa anaangalia pikipiki. Alikuwa anaangalia kidole changu.

"Ni hivyo tu?" akauliza. Ilibidi apaze sauti.

"Ni hivyo tu."

"Haihitaji nguvu?"

Ningeweza kumwambia nimeirekebisha, imekuwa laini sasa. Angeamini. Mimi ndiye fundi.

"Haihitaji," nikasema. "Haikuhitaji hata siku ile. Kidole chake kilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeiunga kinyume, nikaona aibu mbele ya wale wazee, nikamsingizia."

"Ulijua lini?"

"Kwamba si kidole? Siku ileile. Hapohapo."

Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alichukua kikombe changu ambacho sikuwa nimekinywa, akamwaga chai chini, akakishika mapajani.

"Ungemwambia tu," akasema. "Angecheka. Mafuta yake na nyaya zako. Angecheka mpaka achoke."

Nikazima injini. Nilikuwa nalia bila kujificha, kamasi na kila kitu, mtu mzima wa miaka yangu. Mama yangu aliinuka akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na ndoo na lile kopo la mafuta, akaviweka karibu na miguu yangu, akarudi ndani. Ilikuwa saa kumi na ng'ombe hajui kuna msiba.

Nilifungua kopo. Katikati ya mafuta kulikuwa na shimo mahali kidole gumba chake kilipokuwa kikichota, pana, lililoinama upande wa kulia. Nilichota pembeni ili nisilivuruge. Sikuwa nimekamua tangu niolewe, na ndoo haijafika nusu, kidole changu kilikuwa kimeanza kuuma.